Jinsi ya kucharaza gitaa la bluzi kwa mtindo wa B.B. King

Anayetaka kupiga gitaa kama B.B. King kwa kawaida huanza na skeli, yaani ngazi za noti. Anazikariri zote, anakimbiza vidole kutoka freti (vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) ya 5 hadi ya 17, kisha anashangaa mbona bado anasikika kama mtu aliye mazoezini. King mwenyewe alitambulika kwa noti moja. Ukiisikia redioni, kabla hajaimba hata neno, unajua ni yeye. Kwa hiyo tutaanza na ile noti moja, na skeli tutaichukua kidogo tu.

Kuna jambo la kuelewa kwanza: mtindo huu ulizaliwa na upungufu. Riley B. King, aliyezaliwa tarehe 16 Septemba 1925 karibu na Itta Bena, Mississippi, alionyeshwa kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu za mwanzo na mchungaji Archie Fair, aliyekuwa akipiga gitaa kanisani. Mwaka 1946 alikimbilia Memphis, akakaa kwa Bukka White, binamu ya mama yake na bingwa wa slaidi, yaani kile kibomba cha chuma au kioo kinachotelezeshwa juu ya nyuzi hadi zilie kama mtu. King alijaribu, mkono ukakataa. Akaamua kuutafuta mlio huohuo kwa kidole kitupu. Tena hakuwa mtu wa kordi, na hakupiga huku anaimba: akiimba, gitaa limenyamaza, gitaa likilia, mdomo umefungwa. Haya yote yanafundishika, ila kila moja lina mazoezi yake.

Gitaa, nyuzi na amplifaya

Gitaa lolote la umeme litafaa kujifunzia. King alisifika kwa magitaa ya kampuni ya Gibson ya familia ya ES, hasa ES-355, zenye mwili mpana ulio wazi ndani pande mbili na kipande cha mbao kigumu katikati. Magitaa ya namna hiyo yana matundu mawili juu, na matundu hayo huleta shida ukiongeza sauti: ubao hutetemeshwa na spika, pikapu, yaani vinasa-sauti vilivyo chini ya nyuzi, zinadaka mtetemo, spika inautoa tena, na mzunguko huo unageuka mvumo usiokatika. King alikuwa akisokomeza vitambaa ndani ya matundu. Kampuni ilipotoa toleo lenye jina la Lucille mwaka 1980, ilitengeneza gitaa lisilo na matundu kabisa. Kama gitaa lako linavuma, dawa ni hiyohiyo: taulo dogo au sponji ndani ya matundu, na wewe usimame ubavuni mwa spika, si mbele yake.

Jina Lucille lina asili yake. Majira ya baridi ya 1949 King alikuwa akipiga kwenye ukumbi wa Twist, Arkansas, uliopashwa joto kwa pipa la mafuta ya taa yanayowaka. Wanaume wawili wakapigana, pipa likapinduka, moto ukashika ukumbi. King alishatoka nje alipokumbuka gitaa lake, akarudi motoni kulichukua. Kesho yake aliambiwa ugomvi ulikuwa wa mwanamke aliyeitwa Lucille. Kuanzia hapo kila gitaa alilolipenda aliliita hivyo, kujikumbusha asirudie ujinga ule.

Nyuzi ndizo za kuangalia zaidi. Seti iliyouzwa kwa jina lake ilikuwa na unene huu, kwa inchi: .010, .013, .017, .032, .045 na .054. Ona pengo lililopo kati ya uzi wa 3 na wa 4. Nyuzi tatu za juu ni laini ili zivutike, tatu za chini ni nzito ili zisiyumbe. Seti ya kawaida ya .010 hadi .046 kwa kawaida ina nyuzi tatu nyembamba zilezile, kwa hiyo usihangaike kutafuta nyingine. Tahadhari ni kwa nyuzi za .009: ni rahisi kuvuta, lakini kidole kizito kidogo tu kinazipitisha noti uliyoikusudia.

Urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti ya 12 uwe kama milimita 1.6 hadi 2. Zikiwa chini zaidi, uzi unaovutwa hugusa freti ya mbele na noti inakatika, na kidole kinapanda juu ya uzi wa jirani badala ya kuingia chini yake. Kama gitaa linashuka sauti kila baada ya kuvuta, mara nyingi si vichwa vya kukazia vinavyolegea. Uzi unanasa kwenye vijia vya ile taya iliyo mwisho wa shingo, karibu na kichwa. Legeza uzi, pakaza unga wa penseli kwenye kijia, kaza tena. Nyuzi mpya nazo zivute kwa mkono mara tano au sita kabla ya kuzilaumu.

Kuhusu amplifaya, kuna imani kwamba bila taa za ndani, zile valvu, bluzi haipatikani. King kwa miaka mingi alitumia Lab Series L5, mashine ya transista yenye wati 100 na spika mbili za inchi 12. Alitaka sauti safi na yenye nafasi. Anza na besi 5, kati 7, juu 5, mkwaruzo karibu na sifuri, mwangwi kidogo tu. Kwenye gitaa washa pikapu zote mbili, volumu iwe 7 ili ubaki na akiba. Ukiongeza mkwaruzo noti itarefuka yenyewe na utajisikia hodari, lakini mtetemo wako utazama ndani ya kelele, na ndio tunaoujenga.

Mtetemo: kazi ya mwezi wa kwanza

Weka kidole cha shahada kwenye uzi wa 2 (hesabu kuanzia uzi mwembamba kabisa), freti ya 10. Hiyo ni A. Bonyeza kwa ncha ya kidole, karibu na chuma cha freti bila kukipanda. Sasa ondoa kidole gumba nyuma ya shingo. Ondoa kabisa. Kiganja nacho kisiguse shingo kwa chini. Mkono mzima sasa umening'inia kwenye ncha moja ya kidole, na gitaa limeshikwa na mkono wa kulia na mkanda wake.

Mahali hapo ndipo wengi hukosea. Waliozoea kukumbatia shingo huona kama gitaa litaanguka, wanarudisha gumba kwa siri, na mtetemo unakuwa wa kidole peke yake, mwembamba na wenye wasiwasi. Mtetemo wa King unatoka kwenye kigasha, ule mzunguko wa mkono unaofungulia kitasa cha mlango. Vidole vingine vitatu vimekunjuliwa hewani na vinapepea pamoja na mkono, ndiyo maana wapiga gitaa wanauita kipepeo.

Fanya hivi:

1. Piga noti mara moja, iache ilie nusu pigo bila kuitikisa.
2. Zungusha kigasha ili ncha ya kidole isukume uzi kidogo kuelekea nyuzi nene, kisha irudi mahali pake. Noti ipande chini ya nusu toni (nusu toni ni umbali wa freti moja) na irudi ilipokuwa, si chini yake.
3. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo kwa dakika, kwenye 60. Wiki ya kwanza tikisa mara 2 kwa kila pigo, zilizo sawa kama pendulamu. Wiki ya pili mara 3. Ya tatu mara 4.
4. Baada ya hapo zima metronomu, tikisa kwa kasi unayoisikia, mradi kila mtikiso ulingane na mwenzake.

Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha. Zaidi ya hapo, mwanzoni, kifundo cha mkono kitauma. Maumivu ya ncha ya kidole ni ya kawaida, ila ukisikia maumivu kwenye kano za kigasha, pumzika siku mbili.

Jirekodi kwa simu na usikilize kosa lako ni lipi. Mtetemo ukisikika kama mbuzi, unaenda haraka kuliko unavyopana: punguza kasi, ongeza upana. Noti ikisikika kali muda wote, huirudishi uzi nyumbani, unaganda ukiwa umeusukuma. Noti ikifa mapema, unalegeza kubonyeza kila unaporudi. Na nyuzi za jirani zikiungurumia chini, laza ubavu wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi nene, na ncha ya shahada iguse kidogo uzi wa 3 bila kuubonyeza.

Subira ya nusu pigo kwenye hatua ya 1 usiipuuze. Mwimbaji mzuri hutua kwenye noti kwanza, kisha huipamba. Ukianza kutikisa papo hapo, msikilizaji hajui noti yenyewe ni ipi.

Kisanduku cha noti chache

Sasa skeli, kama tulivyoahidi, kidogo. Tuko kwenye A. Noti mama ni ile A ya uzi wa 2, freti ya 10, na shahada ndiye mlinzi wake. Kuizunguka kuna noti hizi: uzi wa 2 freti ya 12 (B), uzi wa 1 freti ya 10 (D), uzi wa 1 freti ya 12 (E), na uzi wa 3 freti ya 11 (F#). Freti ya 12 ni ya kidole cha pete kwenye nyuzi zote mbili. Freti ya 11 ya uzi wa 3 ni ya kidole cha kati. Basi. Eneo lote linafunikwa na kiganja bila kusogea, na wapiga gitaa wengi wamelipa jina la King mwenyewe.

Utauliza, noti tano zitatosha vipi? Zinatosha kwa sababu mbili kati yake zinavutika na kuzaa nyingine. Vuta B ya freti ya 12 nusu toni, umepata C. Ivute toni nzima, umepata C#. Vuta E ya uzi wa 1 toni nzima, umepata F#. Ivute toni moja na nusu, ni G, kile kilio cha juu kinachofanya watu wasimame vitini.

Kipi uvute lini? Hili ndilo linalotenganisha anayejua na anayebahatisha. Bluzi ya vipimo 12 (kipimo kimoja ni mapigo manne) kwenye A huenda hivi: vipimo vinne vya A7, viwili vya D7, viwili vya A7, kisha kimoja cha E7, kimoja cha D7, kimoja cha A7, na kimoja cha E7 cha kurudisha mwanzo. Juu ya A7 ile B ivute toni nzima, maana C# imo ndani ya kordi na ndiyo inayoipa uchangamfu wake. Kordi ikihamia D7, mvuto uleule upunguze hadi nusu toni, kwa kuwa D7 ina C, haina C#. Ukivuta toni nzima hapo utagongana na mpiga kinanda, na kila mtu ukumbini atasikia hata kama hajui kilichotokea. Juu ya E7 usiivute: B yenyewe imo, na E ya uzi wa 1 ndiyo noti mama ya kordi hiyo.

Kuvuta uzi kunahitaji vidole vitatu, si kimoja. Pete inashika freti ya 12, kati na shahada vinakaa nyuma yake kwenye uzi huohuo na kusaidia kusukuma. Tofauti na mtetemo, hapa gumba linarudi na kung'ang'ania juu ya shingo, kwani mvuto unahitaji egemeo. Sukuma kuelekea nyuzi nene. Kupima, piga kwanza freti ya 14 ya uzi wa 2 (hiyo ni C#), isikilize, rudi kwenye ya 12 na uvute hadi zifanane. Kwa nusu toni kipimo chako ni freti ya 13. Kosa la kila mwanafunzi ni kuvuta pungufu, na sababu yake ni kwamba sikio halijasikia lengo kabla mkono haujaanza safari. Imba noti lengwa kwanza, hata kama sauti yako ni ya kuimbia bafuni.

Kwa kuanzia, chukua msemo huu. Kidole cha kati kipige uzi wa 3 freti ya 9, kiteleze bila kupigwa tena hadi freti ya 11, kisha shahada itue kwenye uzi wa 2 freti ya 10. Subiri nusu pigo, achia gumba, tikisa. E, F#, A. Noti tatu tu, lakini zikitua kwenye pigo la kwanza la kipimo zina uzito wa sentensi kamili. Ukishaiweza, ongezea mkia: pete kwenye freti ya 12, vuta toni nzima, rudisha, tua tena kwenye A. Siku nyingine badala ya kutua hapo ruka hadi freti ya 17 ya uzi wa 1. Ni A ileile, oktava moja juu.

Zamu ya sauti na zamu ya gitaa

Kwenye vipimo 12, mwimbaji huchukua cha 1 na cha 2, na gitaa hujibu kwenye cha 3 na cha 4. Sauti tena cha 5 na cha 6, gitaa cha 7 na cha 8. Sauti cha 9 na cha 10, gitaa cha 11 na cha 12. King aliishi ndani ya mpangilio huu: mwaka 1956 peke yake alipanda jukwaani mara 342, na kila usiku kazi ilikuwa ileile ya kuuliza kwa mdomo na kujibu kwa Lucille.

Mazoezi yake ni rahisi kuyaeleza na magumu kuyatii. Piga mdundo wa taratibu, mapigo 60 hadi 70 kwa dakika, kila pigo ukiligawa sehemu tatu. Imba mstari wowote kwenye vipimo viwili, hata kama ni la-la-la, mikono yote miwili ikiwa imetulia. Ukimaliza, vuta pumzi, kisha jibu kwa gitaa huku ukiitoa pumzi hiyo polepole. Pumzi ikiisha, msemo umeisha, hata kama vidole bado vina hamu.

Shida kubwa hapa ni kuwahi. Mpiga gitaa asiye na subira huanza kujibu kabla neno la mwisho halijakauka, akaziba mahali ambapo hadhira ingesema ndiyo. Acha pigo zima likiwa tupu baada ya sauti. Ingia kwenye la pili.

Nguvu ya mkono wa kulia nayo ni sehemu ya maneno. Piga karibu na shingo kwa sauti ya mviringo, sogea karibu na daraja, nyuzi zinapoishia mwilini, ukitaka ukali. Volumu tuliyoiacha kwenye 7 ifungue hadi 10 kwa kidole kidogo unapofika kwenye ile G ya juu, halafu irudishe.

Ukihamia kwenye bluzi ya minor

Wimbo uliompeleka kwa hadhira pana zaidi, The Thrill Is Gone, alioutoa mwishoni mwa 1969, ulikuwa tayari umerekodiwa na Roy Hawkins mwaka 1951. King aliupiga kwenye B minor (minor ni ufunguo wenye mlio wa huzuni), na ukiufuata kwa kisanduku cha A kilichosogezwa freti mbili tu, utaharibu. Mpangilio wenyewe ni vipimo vinne vya B minor, viwili vya E minor, viwili vya B minor, kimoja cha G, kimoja cha F#7, viwili vya B minor.

Noti mama imehamia freti ya 12 ya uzi wa 2. Freti ya 14 ya uzi huohuo ni C#: hapa ivute nusu toni tu, ufike D. Mvuto wa toni nzima utakupa D#, na majonzi yote yatageuka sherehe. Ile noti ya uzi wa 3, ambayo sasa ingekuwa freti ya 13, iache kabisa. Ni G#, na kordi za G na E minor zote zina G ya kawaida. Kwa sababu hiyohiyo F# ya uzi wa 1, freti ya 14, ivute nusu toni, usiipeleke mbali zaidi. Ukifika kwenye F#7, ile C# iache ilie bila kuvutwa.

Cha kusikiliza na jinsi ya kukisikiliza

Rekodi moja inatosha kwa miezi: Live at the Regal, iliyonaswa Chicago tarehe 21 Novemba 1964. Chagua majibu ya ubeti mmoja tu. Sikiliza bila gitaa, hesabu noti, andika namba. Sikiliza tena, weka alama mahali pa ukimya. Mara ya tatu andika ni noti zipi zimetikiswa na zipi zimeachwa zikauke, maana hakutikisa zote, na wanafunzi wengi hulikosa hilo. Ndipo uchukue gitaa.

Kwa macho, tafuta picha zake za jukwaani Kinshasa, Septemba 1974, kwenye tamasha lililoambatana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Zima sauti na uangalie mkono wa kushoto. Utaona gumba likiachia shingo kila noti ndefu inapofika, na vidole vitatu vikifunguka hewani.

Kisha jirekodi ukijibu ubeti uleule na uhesabu noti zako. Ukipata mara mbili ya zake, futa nusu na upige tena.